Skrini ya 4K kwenye kompyuta ya zamani
Jana nilifanikiwa kuunganisha skrini ya 4K, yaani ya pikseli 3840 kwa 2160, na kompyuta yangu ya mezani ya zamani, baada ya siku mbili za kuhangaika. Kwa waya wa HDMI picha ilikuwa safi, lakini kishale cha kipanya kilisuasua, kwa sababu tundu la HDMI 1.4 lililo kwenye mashine hiyo hupitisha picha za ukubwa huo mara 30 tu kwa sekunde. Nilikuwa karibu kununua kadi mpya ya michoro, ndipo nikaona nyuma ya kompyuta tundu la aina nyingine, DisplayPort 1.2, ambalo sikuwahi kulitumia na ambalo huweza kufikisha mara 60. Nilibadilisha waya, nikachagua 60 katika mipangilio, na sasa maandishi yanateremka kwa utulivu unaopumzisha macho.