Krismasi ya mbalamwezi: nilivyopika migebuka ya mkesha Kigoma

Katika familia niliyoolewa, Krismasi haianzi tarehe 25. Inaanza jioni ya tarehe 24, kabla watu hawajavaa kwenda misa ya mkesha, pale mkeka unapotandikwa sebuleni na sinia linapowekwa katikati: ugali wa muhogo, migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, iliyopikwa kwa mawese, sombe (kisamvu) na maharage ya Kasulu. Nyama hailiwi jioni hiyo. Kuku na pilau vinasubiri kesho yake.

Mimi ni wa Tabora. Kwetu Krismasi ilikuwa wali, kuku wa kienyeji, na kwa kuwa Desemba mvua zimeshakolea, uyoga wa porini uliopikwa kwa karanga. Nilipofika Kigoma kama mke mwaka 2019, nilidhani mlo wa tarehe 24 ni chakula cha kawaida cha jioni. Mama mkwe ndiye aliyenieleza. Baba yake baba mkwe alikuwa mvuvi, na samaki aliorudi nao alfajiri ya tarehe 24 ndio waliokuwa sikukuu ya nyumba, miaka ambayo kilo ya mchele ilikuwa kitu cha kufikiria mara mbili. Mchele ulipokuja kupatikana kirahisi, mlo ule haukuachwa. "Pilau utaikuta nyumba yoyote," aliniambia. "Huu mgebuka ndio wetu."

Kwa miaka minne nilikuwa msaidizi tu. Nilitwanga sombe, nikaosha sufuria, nikachekecha unga. Chungu cha samaki alikishika mwenyewe.

Novemba 2023 mama aliteleza uani baada ya mvua, akavunjika mkono karibu na kiganja. Akafungwa hogo, na tukaambiwa asibebe kitu kwa wiki sita. Nilihesabu wiki hizo kwenye kalenda ya ukutani nikaona zinapita Krismasi. Watu waliotarajiwa walikuwa kumi na saba: wifi na watoto wake kutoka Dar, shemeji wawili, na bibi, mama yake mama mkwe, kutoka Kasulu. Mume wangu akasema mwaka huo tupike pilau siku zote mbili, tumpumzishe mama. Nilimwona mama akinyamaza. Nikasema hapana, nitapika.

Tarehe 13 Desemba nikateremka Kibirizi, kwenye soko la samaki la ufukweni, kwa mama mmoja anayetuuzia samaki siku zote. Nilitaka kuweka oda ya migebuka arobaini, niichukue ikiwa mibichi asubuhi ya tarehe 24. Akaniangalia kwa huruma.

"Tarehe 24? Mwanangu, hiyo si mbalamwezi? Nani atakuwa majini?"

Nilikuwa nimekaa mjini miaka minne bila kulitilia maanani jambo hili, ingawa maisha ya ufukweni yote yanaenda nalo. Wavuvi wa dagaa na migebuka hapa wanavua usiku kwa taa. Mitumbwi miwili inafungwa pamoja, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa juu ya maji. Dagaa wanaufuata mwanga, na migebuka, ambaye chakula chake ni dagaa, anawafuata dagaa. Lakini taa inavuta samaki pale tu ziwa zima likiwa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali, samaki wanatawanyika, taa inapoteza nguvu. Kwa hiyo siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu wavuvi wengi wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Mwaka 2023 mwezi mpevu uliangukia alfajiri ya tarehe 27 Desemba. Krismasi yote ilikuwa ndani ya mapumziko yao. Yule mama akanikumbusha kuwa mwaka 2015 ilikuwa hivyo zaidi: mwezi mpevu tarehe 25 yenyewe, na samaki wabichi waliopatikana sokoni walikuwa wa kugombaniwa.

Siku niliyosimama pale Kibirizi, tarehe 13, mwezi ulikuwa umeandama tu. Giza lilikuwa totoro na mitumbwi ilikuwa inarudi imejaa. Samaki walikuwepo leo na wasingekuwepo siku ninayowataka.

Wazo langu la kwanza lilikuwa friza ya jirani. Mama mkwe alikataa kabla sijamaliza kusema. Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara siku zile, na hata usingekatika, mgebuka akigandishwa siku kumi nyama yake inalegea, ukimpika kwa mawese anavunjikavunjika chunguni, sinia linakuwa na miiba na rojo. Mimi nakubaliana naye. "Tubanike," akasema. "Mama mkwe wangu alikuwa anabanika kila Krismasi ikiangukia mbalamwezi. Wewe nenda kanunue, mimi nitakaa hapo nikuelekeze."

Nikanunua arobaini na tano, maana alisema wachache wataharibika mkononi mwa mtu anayejifunza. Walikuwa wa urefu wa mkono hadi kiwiko, macho maangavu, mashavu ya ndani mekundu. Akavuta kigoda chake uani, mkono wenye hogo amepakata kwenye kanga, na kazi ikaanza.

Naieleza hatua hii kirefu kwa sababu ndiyo iliyobeba kila kitu. Unampasua tumboni, unatoa matumbo na ule utando mweusi unaoshika mbavu; ukiubakiza, samaki anakuwa mchungu. Unamwosha mpaka maji yatoke safi. Chumvi unaipaka ndani zaidi kuliko nje. Halafu unamning'iniza au kumlaza kwenye chanja achuruzike mpaka ngozi ikauke na kushika kidole kidogo ukiigusa. Mimi nilitaka kuwahi moto. Mama akanizuia: samaki mwenye maji ukimweka motoni anachemka, habaniki, na ngozi inang'ang'ania wavu. Tukasubiri karibu saa mbili, huku nikifukuza nzi kwa tawi la mwarobaini.

Moto wenyewe ulikuwa wa kuni zilizokwisha kuwa makaa, ukiwa mbali na wavu kiasi kwamba niliweza kuweka kiganja pale samaki alipolala na kuhesabu hadi kumi bila kuungua. Tukafunika na bati kuukuu ili moshi ubaki ndani. Nikageuza mara nne. Mafuta yakaanza kudondoka, kila tone likitoa kimoshi chake, na rangi ikabadilika kutoka fedha kwenda shaba, halafu kahawia ya dhahabu. Watatu niliwapoteza, mikia iliungua. Jioni mama akamshika mmoja kwa mkono wake mzima, akamkunja kidogo karibu na sikio. Akasikiliza. "Bado ana maji mgongoni," akasema. Kesho yake tukawasha tena, moto mdogo zaidi, mpaka mchana. Ndipo akakubali.

Tukawafunga kwenye karatasi za kaki, tukawapanga kwenye kikapu, na kikapu kikaning'inizwa jikoni juu ya mafiga, mahali ambapo moshi wa kila siku unakifikia. Kila baada ya siku mbili niliwashusha nikawaangalia kama wana ukungu. Desemba yetu ni ya unyevu. Ukiwasahau kwenye ndoo yenye mfuniko umewapoteza.

Unga wa muhogo nao ulikuwa na somo lake. Makopa, yaani muhogo mkavu unaosagwa unga, hayakauki vizuri mvua zikianza, yanapata madoa meusi, na ugali wake unanuka. Tulikuwa na bahati, mama alishahifadhi debe la makopa ya Septemba, meupe kabisa. Nikayapeleka mashine tarehe 20.

Mawese nilinunua Mwandiga. Hapa nilikosea mara moja: lita tano za kwanza, nilizochukua kwa mtu nisiyemjua kwa sababu ya bei, zilikuwa zimeongezwa maji. Mama alinionyesha jinsi ya kujua. Pasha kijiko kimoja kwenye kikaango kikavu. Mawese safi yanatulia na kutoa harufu tamu ya chikichi, yenye maji yanarukaruka na kupasuka. Nilirudi siku nyingine nikiwa na kibakuli changu kidogo, nikanusa na kuonja kwanza, nikapata ya mama mmoja anayekamua mwenyewe: mekundu, mazito, yameganda kidogo pembeni kwa ubaridi wa asubuhi.

Bibi alifika asubuhi ya tarehe 23. Alipiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimia, "Mwakeye," nami nikapiga magoti nikaitikia. Kitu cha kwanza alichouliza ni samaki wako wapi. Nilishusha kikapu. Alifungua karatasi moja akanusa, akafunga, hakusema neno, akamtazama mama. Mama naye akatazama pembeni akitabasamu.

Tarehe 24 niliamka saa kumi na moja. Majani ya muhogo yalitwangwa na wifi na binti zake, yakachemshwa muda mrefu bila kufunikwa, halafu yakaungwa kwa mawese, kitunguu na dagaa wakavu. Maharage yalishawekwa jikoni tangu alfajiri. Jogoo wa kesho walichinjwa saa tisa na mzee jirani yetu, ambaye ni Mwislamu. Tunamwomba yeye kila mwaka, kwa sababu sahani za Krismasi zinakwenda nyumba zote za mtaa wetu, na hatutaki iwepo nyumba ya kuzikataa. Idi ikifika, sahani zinarudi zimejaa biriani. Jambo hili nalipenda Kigoma kuliko ninavyoweza kueleza.

Saa kumi jioni nikakaa mbele ya chungu. Samaki walikuwa wameloweshwa kwenye maji ya moto robo saa, wakasuuzwa, wakalainika. Mawese yakapashwa moto mdogo. "Usiyaache yakatoa moshi, yakitoa moshi umekwisha," sauti ya mama nyuma yangu. Vitunguu vikalainika bila kubadilika rangi, nyanya zikaingia, zikapondeka, chumvi kidogo sana kwa sababu samaki wana yao. Nikawapanga samaki, mgongo juu, nikamimina maji ya moto mpaka nusu yao, pilipili mbuzi mbili nzima zikaelea juu. Baada ya hapo mwiko hauingii. Unakamata chungu kwa vitambaa pande mbili unakitikisa kwa kukizungusha, mchuzi wenyewe ndio unaopanda na kuwafunika. Ukiona mafuta mekundu yamejitenga yakazunguka ukingo kama pete, epua, kamulia ndimu.

Ugali nilisonga mwenyewe. Wa muhogo hautiwi unga kidogokidogo kama wa sembe. Maji yakitokota unamwaga unga kwa pamoja, unaacha povu lipande katikati yake, kisha unasonga kwa nguvu zote na kwa haraka, kwa sababu ukikaa motoni unavutika kama gundi. Shemeji mmoja alinishikia sufuria kwa miguu.

Na nikaongeza kitu cha kwetu, kwa ruhusa. Kaka yangu alikuwa ametuma kwa treni kutoka Tabora mfuko wa uyoga na galoni ya asali. Nilimwomba mama kama uyoga wa karanga unaweza kukaa kwenye sinia la tarehe 24. Aliwaza kidogo. "Si nyama," akasema. "Weka." Asali ikaenda kwenye chai baada ya misa, pamoja na mihogo ya kuchemsha.

Tulikaa mkekani saa kumi na mbili. Baba mkwe alisali, akamtaja baba yake kama kila mwaka. Kisha akamega, akachovya, akavunja kipande cha mgongoni. Mchuzi ulikuwa na ile ladha ya moshi inayokaa nyuma ya ulimi. Akatafuna polepole akasema, "Huyu ni wa mama." Alimaanisha mama yake, aliyekuwa akibanika Krismasi za mbalamwezi. Mama mkwe aliinamisha uso. Bibi, ambaye meno yake ni machache, aliomba kichwa cha samaki, akamaliza, akaomba kingine. Tulipotoka kwenda kanisani mwezi ulikuwa mkubwa juu ya ziwa, na kule ambako usiku wa giza taa za wavuvi zinapangana kama mji mwingine, hapakuwa na taa hata moja.

Mwaka 2024 mambo yalikuwa rahisi. Mwezi uliandama mwishoni kabisa mwa Desemba, giza likatawala Krismasi nzima, na nilinunua migebuka mibichi asubuhi ileile ya tarehe 24. Mkono wa mama ulishapona, akashika chungu chake. Baba mkwe alikula vizuri, lakini katikati ya mlo akauliza wale wa moshi wako wapi. Tangu hapo nabanika kumi kila mwaka, hata kama ziwa limejaa samaki.

Kwa wanaopika kama sisi, Krismasi ya 2026 ni ya mbalamwezi: mwezi mpevu ni usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba, na giza nene ni karibu na tarehe 9. Mimi nimeshamwambia yule mama wa Kibirizi aniwekee hamsini za tarehe 10, na kuni za kubanikia naanza kuzikausha kabla mvua hazijaanza.