Kioo cha mlango, mara ya pili

Nimerudi nyumbani saa hizi, mtoto amelala, na mimi bado nasikia ile sauti ya kioo cha mlango wa gari kikiingia kwenye mpira wake. Ni sauti ndogo sana, puf, halafu kelele zote za nje zinapungua. Nimeikosa hiyo sauti wiki tano nzima na sikujua kama naikosa mpaka leo mchana niliposhusha kioo na kukipandisha, nikashusha tena, nikapandisha tena, mwanangu kiti cha nyuma akauliza mama unafanya nini, nikamwambia nasikiliza.

Wacha nianze mwanzo maana nataka niyaandike haya yote kabla sijasahau.

Walivunja kioo cha mlango wa mbele upande wa abiria usiku, kisa begi nililolisahau kwenye kiti, na ndani ya begi hamkuwa na kitu zaidi ya madaftari na nguo ya kubadilisha ya mtoto. Asubuhi nimefika nakuta kiti kizima kinameta. Vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe, kwenye kiti, kwenye zulia, kwenye matundu ya hewa, hata kule inapoingia mkanda, na vingine vingi vimedumbukia ndani ya mlango wenyewe kupitia ule mfereji ambao kioo kinatokea. Hivi vya ndani ya mlango sikuviona wala sikuviwaza. Na hivyo ndivyo vilivyoniletea taabu yote.

Kuna kitu nimekuja kujifunza na nakipenda kweli, kwamba kioo cha pembeni cha magari mengi si kioo cha kawaida. Kinachemshwa kwa joto linalopita nyuzi 600 za Selsiasi halafu kinapulizwa hewa ya baridi kwa ghafla pande zote, sasa ngozi ya nje inaganda kwanza na ndani bado kuna moto, ndani nako kukianza kupoa kunanywea na kuivuta ile ngozi ya nje. Yaani kioo kinabaki maisha yake yote kikiwa kimejikaza, nje imebanwa na ndani imevutwa. Ndo maana ni kigumu, na ndo maana kikishindwa sehemu moja tu kinaachia chote kwa mara moja na kuwa punje. Punje hazichomi kama vile vipande virefu vya kioo cha dirisha la nyumba. Lakini zinakata, asikudanganye mtu. Wiki mbili baada ya kuvunjwa, na mimi najiona nimesafisha gari lote, mwanangu amevua soksi jioni kuna tone la damu kwenye kisigino na punje moja imejibana kwenye uzi wa soksi. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu sana.

Na kwa sababu kimejikaza hivo, hakuna fundi anayeweza kukikata kikishatengenezwa. Ukikigusa na kikatio cha almasi kinalipuka. Kwa hiyo mtu akikwambia atakuchongea kioo cha mlango kutoka kwenye kipande kingine cha aina hiyo, ondoka. Inabidi upate kilichotengenezwa kwa ajili ya gari lako na mlango ule ule, kushoto au kulia. Kioo cha mbele ni habari nyingine kabisa, kile ni vioo viwili vimebandikwa na utando wa plastiki katikati, ndo maana kikipigwa jiwe kinapata ufa na kubaki mahali pake. Siku hizi kuna magari ambayo hata vioo vya milango ni vya namna hiyo, langu silo.

Basi. Gereji ya kwanza niliyokwenda walikuwa wepesi mno. Haikufika saa nzima. Niliacha gari, nikaenda kupiga simu mbili tatu, narudi nakuta kioo kimekaa, kinapanda kinashuka, kiti kimefutwa, nikalipa nikashukuru nikaondoka na furaha yangu. Na kioo chenyewe kilikuwa kizuri tu, sina la kusema.

Siku ile ile nilipofunga mlango nikasikia chakacha. Kama mtu ametikisa kopo lenye changarawe. Nikajiambia kitakuwa kitu kwenye mfuko wa mlango, nikatoa kila kitu, bado chakacha. Siku ya tatu kioo kikaanza kupanda kwa kusuasua, kinafika katikati kinainama kidogo kwa mbele kama mtu aliyechoka halafu kinajikokota. Nikikimbiza gari kidogo upepo unapiga mluzi kwenye kona ya juu nyuma. Halafu ikaja mistari. Mistari wima, mirefu, myembamba, kila siku inaongezeka, jua likipiga upande ule unaiona yote. Nilirudi kuwaambia, wakanijibu itazoea dada, mpira mpya huwa hivo. Mpira haukuwa mpya. Haukubadilishwa. Lakini siku ile sikuwa na maneno ya kuwajibu kwa sababu sikujua mlango una nini ndani, na hilo ndo linaniuma zaidi kuliko pesa, kwamba mtu anakujibu lolote kwa kuwa anajua huwezi kuona nyuma ya kava la mlango.

Ilipokuja mvua zulia likalowa. Si kulowa kwa matone, kulowa kabisa, ukikanyaga maji yanapanda juu, na spika ya mlango ule ikaanza kukwaruza sauti halafu ikanyamaza. Siku mbili baadaye gari likanuka uvundo. Mimi akili yangu yote ikaenda juu, kwenye mpira unaozunguka dirisha, nikasema maji yanapita hapo, na jamaa mmoja akanishauri nipake silikoni kuzunguka kote. Nashukuru sikuipaka.

Leo ndo nimekwenda kwa fundi mwingine. Mtu wa makamo, mpole, haongei sana. Nilianza kumweleza akaniinulia mkono kidogo, akafungua mlango akaufunga, akaufungua akaufunga, halafu akachuchumaa akapiga ngumi mara mbili kwenye sehemu ya chini kabisa ya mlango. Chakacha. Akaniuliza, "Dada, huu mlango ulifunguliwa lini?" Nikamwambia. Akasema, "Haukusafishwa." Basi, hilo tu.

Akachomoa betri, akatoa vile vifuniko vidogo ambavyo sikuwahi kujua kama ni vifuniko, kimoja nyuma ya kitasa cha ndani na kingine kwenye mahali pa kuegemeza mkono, nyuma yake kuna skrubu. Akapitisha kipande cha plastiki bapa chini ya kava akaanza kulivuta, na hapo ndipo nilipoona klipu. Kava la mlango linashikwa na klipu za plastiki kuzunguka kote, zinatakiwa kutoa ule mlio wa tak zikiachia. Tatu hazikulia. Zilikuwa zimekatika tangu ile siku ya kwanza, kava lilikuwa limeegeshwa tu. Akalinyanyua juu, akachomoa plagi za swichi, akaliweka pembeni juu ya kitambaa ili lisikwaruzike. Aliliweka kwa utaratibu kama anamlaza mtoto.

Halafu akasogea ili na mimi nione.

Nyuma ya kava kunatakiwa kuwe na karatasi nzito ya nailoni iliyobandikwa kuzunguka bati lote kwa gundi nyeusi, ile inayonata ambayo haikauki. Yangu ilikuwa imechanwa kuanzia kati hadi chini, kipande kinaning'inia, kingine wamekikunja na kukisukumia ndani. Na chini kabisa ya mlango, kwenye ule mtaro wa bati, kulikuwa na punje za kioo. Si kidogo. Aliingiza mkono na glavu akatoa kiganja kimejaa, akarudi akatoa kingine, na chini ya punje kulikuwa na maji. Maji yamekaa, meusi, kama kwenye karai.

Nikamwambia kwa hiyo mpira wa juu unavuja. Akatikisa kichwa. "Mlango wa gari haujatengenezwa uzuie maji dada. Umetengenezwa uyapitishe."

Nimeirudia hiyo sentensi njia nzima. Mvua ikinyesha maji yanateremka na kioo, ule mpira wa nje unaofuta kioo unapunguza tu, mengine yanaingia ndani ya mlango kila siku, kila gari, hata jipya kabisa. Ndani yanateremka hadi chini na kutokea kwenye matundu madogo yaliyo ukingoni mwa mlango. Ile nailoni ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja upande wetu. Sasa kwangu matundu yameziba kwa vioo, nailoni imechanwa, maji yaende wapi? Yakaja miguuni kwa mwanangu. Na akaniambia kuna magari yana sensa ndani ya mlango inayosoma presha ya hewa mlango ukigongwa ili eabegi ya pembeni, ule mfuko wa hewa wa kumkinga abiria, ifunguke, kwa hiyo nailoni ikiachwa wazi pale si suala la zulia tena. Nilinyamaza.

Ile mistari nayo ikapata jibu. Kioo kinapita kwenye mpira wenye manyoya mafupi kama mahameli, huku na huku, na punje zilikuwa zimejichomeka humo. Kila nilipobonyeza swichi nilikuwa napiga msasa kioo changu mwenyewe. Akapitisha ukucha juu ya mstari mmoja, ukakwama. Akasema ukucha ukikwama hivi, kung'arisha hakutoshi. Tukakubaliana kioo kitoke, kije kingine. Kilikuwa na wiki tano tu.

Kufyonza peke yake kulichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya gereji ya kwanza. Alipitisha vakyumu na mrija mwembamba, akazungusha, akapiga mlango kwa kiganja, punje nyingine zikaanguka kutoka mahali sijui wapi, akafyonza tena. Akauchomoa ule mpira wa manyoya wote, akausugua kwa brashi na maji, akaupangusa. Akachukua waya laini akazibua tundu moja moja. Mimi nilikuwa namshikia tochi. Alikuta pia kwenye regyuleta, ile mitambo inayobeba kioo, bolti moja kati ya mbili zinazokibana haikukazwa, ndo maana kilikuwa kinainama mbele.

Kioo kipya kabla hajakigusa alinionyesha maandishi yale madogo kwenye kona, ambayo nimekuwa nikiyaona miaka yote kama urembo. Kuna herufi E ndani ya duara na namba pembeni, namba ni ya nchi iliyokiidhinisha, E1 ni Ujerumani, E11 Uingereza, na chini yake 43R, hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Akaninyooshea na vioo vingine vya gari langu tulinganishe alama na rangi. Nilifuta vumbi kwa kidole nikasoma kimoja kimoja, vinne.

Kukiweka alikiweka taratibu, bolti akazibana nusu, akarudisha betri, akakipandisha hadi karibu na juu, akakiacha kitafute chenyewe mahali pake kwenye reli, ndo akakaza. Halafu akachana karatasi akaibana kati ya kioo na mpira, akaivuta. Akasogeza, akavuta. Kona ya nyuma juu, pale palipokuwa panapiga mluzi, karatasi ikatoka kirahisi. Akafungua tena bolti. Watu wengi wangeacha pale, kwa macho kilikuwa kimekaa sawa kabisa. Akakisukuma kidogo sana, labda unene wa sarafu, akakaza, akaivuta ile karatasi na safari hii ikagoma. Akanipa na mimi nivute.

Nailoni alikata mpya kwa kufuata umbo la ile iliyochanika, akaizungushia gundi nyeusi na kuibonyeza kwa kidole gumba inchi kwa inchi, na sehemu ya chini akahakikisha maji yakiteremka juu yake yanarudi kwenye bati na si kwenye kava. Klipu tatu mpya. Spika ilishakufa, hiyo nitaishughulikia mwisho wa mwezi. Kisha akakifundisha kioo, ndivyo alivyosema, kwa gari langu unakipandisha mpaka juu na kuendelea kushikilia swichi sekunde kadhaa, ili kijue mwisho wake ni wapi na kijue kurudi chini kikikutana na kitu. Akaweka kitambaa kilichokunjwa nene, akabonyeza, kioo kikagusa kitambaa kikarudi. Nikakumbuka vile vidole vya mwanangu anavyovishika juu ya kioo akitaka kuona nje. Wiki tano hakuna mtu aliyekagua hilo.

Nilidhani tumemaliza. Akajaza jagi maji akaniambia njoo huku chini. Tukachuchumaa watatu, mimi, yeye na mtoto, mlango uko wazi, yeye mkono mmoja juu anamwagia kioo kwa nje polepole. Sekunde chache hakuna kitu. Halafu likatoka tone ukingoni mwa mlango, likafuata jingine, ukawa mchirizi. Zulia ndani nililigusa kwa kiganja, kavu. Mwanangu aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia kugusa ardhi, akaanza kuhesabu matundu yanayotoa maji. Moja. Mbili. La tatu lilichelewa, tukalisubiri wote bila kusema neno, mpaka likatoa.