Bajeti ya nyumba ambayo baba yuko barabarani

Programu nyingi za bajeti zinakukaribisha kwa swali lilelile: mshahara wako unaingia tarehe ngapi? Hapo tu nyumba yetu imeshaachwa nje. Baba Nasra ni dereva wa lori, anapeleka mizigo ya bandarini mpaka Lubumbashi, Kongo, na hela yake inakuja kwa safari, haiji kwa mwezi. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ikiwa ndefu, safari inarefuka na posho inabaki ileile. Mimi nashona. Kabla ya Idi sipati hata nafasi ya kula, Januari kuna sare za shule, Februari cherehani inashika vumbi.

Kwa hiyo tulipotafuta kitu cha kuwekea hesabu za nyumba, michoro ya rangi sikuijali. Nilitaka kitu ambacho aliyeko Tunduma na aliyeko Tabata wanakiona wote, kisichodai kuunganishwa na benki, na kisichoshangaa mwezi unapopita hakuna kilichoingia.

Daftari lilikuwepo, kaunta buku ya kwaya mbili, na bado nalipenda. Ila daftari liko kabatini na mwenzio yuko Mbeya. Anapiga simu, "Mama Nasra, ya kodi imefika ngapi?", na wewe umesimama kwenye daladala la Gongo la Mboto, mkono mmoja juu.

YNAB, programu ya bajeti ya Marekani, niliisoma kwa makini kwa sababu wazo lake linatufaa watu wa kipato cha kuruka: unapanga hela iliyokwisha ingia tu, na kila shilingi unaipa kazi kabla hujaigusa. Ile unayoitarajia huipangii kitu. Bei sasa. Mwaka 2024 ilipanda ikafika dola 109 kwa mwaka, zaidi ya laki mbili na nusu, inakaribia kodi yetu ya miezi miwili. Nikachukua wazo, programu nikawaachia wenye dola. Goodbudget, programu nyingine, inatumia mtindo wa bahasha, yaani kila matumizi yana fungu lake, na toleo lake la bure linaruhusu simu mbili, yaani mke na mume. Mimi niliielewa siku hiyohiyo. Baba Nasra hakuifungua. Kufungua, kuchagua bahasha, kuandika kiasi, kuhifadhi: kwa mtu aliyeshika usukani tangu alfajiri hiyo ni ajira nyingine, na simlaumu. Mkitaka kujua kifaa gani kitadumu kwenu, msimwangalie yule anayependa hesabu. Mwangalieni yule asiyependa kuandika, muone tayari anaandika wapi.

Yeye anaandika WhatsApp. Basi tukafungua kundi la watu wawili, tukaliita Hesabu za Nyumba, na sheria ikawa moja: ukilipa kitu, tuma kiasi na neno moja. "12,000 gesi nusu." "30,000 mama." Akiwa hawezi kuandika anatuma sauti: "Mama Nasra, andika elfu nane tairi la baiskeli ya mtoto, niko njiani." Picha za Mahenge na utani vinakwenda kwenye namba ya kawaida, humo haviingii. Akivuka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, anaweka laini ya Zambia, ila WhatsApp inabaki kwenye namba yake ya huku, kwa hiyo kundi halikatiki.

Mwanzoni nilipendekeza kitu chepesi zaidi: kila mtu asambaze ule ujumbe wa muamala unaoingia kwenye simu, maana una tarehe, kiasi na makato, hakuna cha kuandika. Ilionekana akili sana. Halafu nikaona Baba Nasra ananitumia picha za skrini zilizokatwa chini. Kila picha imekatwa palepale, mstari wa mwisho haupo. Mstari wa mwisho ndio wenye salio.

Nilicheka, kisha nikaangalia nilizomtumia mimi. Na mimi nilikuwa nafuta salio kabla ya kusambaza.

Hili ndilo sioni likizungumzwa na wanaosifia programu za wanandoa. Zimetengenezwa kwa dhana kwamba mkioana hela zinakuwa chungu kimoja na kila mtu anaona kila kitu. Sisi tumelelewa vingine. Mimi ni Mwislamu, wa Pangani, na nimekua nikisikia kwamba mume ndiye mwenye jukumu la kumlisha, kumvika na kumpa makazi mkewe, na hela ya mwanamke ni yake, akichangia nyumba ni hisani yake. Leo Dar hakuna nyumba ya watu kama sisi inayoendeshwa na mfuko mmoja, kwa hiyo nachangia, tena si kidogo. Lakini kuchangia ni jambo moja, kukabidhi salio ni jingine. Yeye pia ana mdogo wake anamsomesha na hataki kila elfu kumi iwe na maelezo. Kwa hiyo tumekubaliana kuandika kile ambacho kila mtu amekiweka nyumbani na kilivyotumika. Alichobakiwa nacho mtu hakimo. Kikoba changu hakimo. Programu inayotaka kuona akaunti zote za wote wawili, hata ingekuwa bure, kwetu ingeleta ugomvi ambao haukuwepo.

Jumapili usiku nahamisha yaliyoandikwa kwenye kundi kwenda kwenye jedwali la Google Sheets. Yeye ana kiungo chake, anafungua akipata bando. Nimechagua jedwali kwa sababu nyingine pia: Mint, programu iliyokuwa maarufu mno Marekani, ilifungwa na wenyewe Machi 2024 na watu wakaambiwa wahamie kwingine. Jedwali nalipakua, nalituma kwenye barua pepe yangu, basi. Lina safu tano: tarehe, nani, kiasi, makato, ya nini. Hiyo ya mwisho ina maneno manane tu ya kuchagua: kodi, ada, chakula, umeme na maji, nauli, wazazi, michango, mengineyo.

Safu ya makato niliitolea macho tangu enzi za ile tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021. Ukimtumia mama elfu thelathini hujatuma elfu thelathini. Kuna ya kutuma, na kuna ya kutolea, maana mtoto gani atamtumia mama yake hela bila ya kutolea? Zamani tulikuwa tunaandika thelathini na kushangaa hesabu haifungi. LUKU nayo ina kilema chake: kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi, inakatwa humohumo kwenye umeme, na anayekatwa ni aliyenunua wa kwanza mwezi ukianza. Mita yetu tunatumia na mpangaji wa chumba cha nje. Nimegundua kwamba kila tarehe moja anapenda kukaa gizani.

Kodi ya nyumba haikai kwenye jedwali peke yake. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, laki tisa, na hakuna jedwali litakalokuzuia kuila ukiwa nayo kwenye simu unayotembea nayo sokoni. Kuna laini ya tatu iliyosajiliwa kwa jina langu, inakaa kwenye kopo la vifungo, haina simu. Safari ikilipwa, Baba Nasra anatuma humo kwanza kabla hajaniambia amefika. Nywila tunaijua wote. Mara mojamoja naitoa, naiweka vocha isije ikafungwa, nasoma salio, narudisha kati ya zipu na vishikizo. Hilo salio moja halifutwi na mtu.

Michango ndiyo bado inatusumbua. Mwezi mmoja kulikuwa na kicheni pati, sendofu na harusi ya bibi harusi yuleyule, kamati tofauti, kadi tofauti. Sasa tuna kiwango cha mwezi, kikiisha ahadi inasogezwa mbele, na aliyekasirika amekasirika.

Akirudi safari hii tutaongeza safu ya sita, ya kwacha, hela ya Zambia, kwa sababu anabadilisha Nakonde kwa bei ya siku hiyo na chenji anarudi nayo mfukoni. Mpaka sasa vyote hivyo navitupa kwenye mengineyo, na mengineyo ya mwezi uliopita ilikuwa 84,000, zaidi ya umeme na maji kwa pamoja. Nimeshamtumia swali kwenye kundi. Kasoma, tiki za bluu ninaziona.