Daftari la ndege adimu wa kusini: nilipofika

Safari hii kazi kubwa imefanyika mezani. Nimekusanya taarifa za ndege "adimu" kutoka Mikindani, Msimbati na Lindi, na sitaki kuingiza hata moja daftarini kabla sijajua ndege huyo ni adimu kwa nani.

Sisi wa Mtwara tunakaa ukingoni mwa ramani. Vitabu vya ndege wa Afrika Mashariki vinaishia Mto Ruvuma. Vingi vya kusini mwa Afrika vinaishia Mto Zambezi. Kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo tu ya mto, imebaki katikati. Kwa hiyo ndege akionekana Msimbati na ramani iko tupu, simwiti mgeni haraka. Huenda hakuna aliyewahi kusimama pale na darubini.

Aliyenitoa jasho ni Batis reichenowi, kindege cha misitu na vichaka vya pwani yetu, mwenye utepe mweusi unaopita machoni. Vitabu vingine vinamhesabu kuwa spishi kamili, vingine vimemweka chini ya Batis mixta, ndugu yake wa karibu. Basi taarifa ya zamani ya Rondo, uwanda wa juu wenye msitu mkoani Lindi, yenye jina la mixta yaweza kuwa ni yeye huyuhuyu. Sasa kila mstari wa daftari unabeba jina la kisayansi kama lilivyoandikwa mwanzo, pamoja na mwaka wa chanzo. Naona hili ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya mpaka sasa.

Dromas ardeola, ndege wa ufukweni mla kaa, alikuwa rahisi. Picha niliyotumiwa inamwonyesha wazi: mweupe na mweusi, mdomo mnene, miguu mirefu ya kijivu, kaa mdomoni. Huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni na Pembe ya Afrika, akichimba shimo mchangani, kisha hushuka pwani yetu. Nikamwonyesha mzee mmoja mvuvi wa Mikindani.

"Huyu? Kaskazi ikivuma, maji yakipwa, utamwona."

Nimemhamishia kwa wageni wa msimu.

Programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambamo watazamaji huandika ndege waliowaona, nayo naitumia. Ndege asiyetarajiwa mahali fulani huwekewa alama ya uadimu na aliyemwandika hudaiwa maelezo, na maelezo hayo nayasoma kuliko alama yenyewe: rangi ya mguu, sauti, umbali, mwanga.

Kinachofuata ni Rondo, kumtafuta Geokichla guttata, mwenye madoa meusi kifuani, anayeokota chakula chini ya majani makavu. Nitaanza na watu wanaokaa kando ya msitu, picha mkononi.