Nilivyoipiga picha Nebula ya Jabari nikiwa Longido

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba kinachonikwamisha kuipiga picha Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi katika kundinyota la Jabari (Orion), ni udogo wa darubini yangu, yenye lenzi ya milimita 80, kumbe tatizo lilikuwa ukaribu wetu na ikweta. Stendi yenye mota, ambayo huifanya darubini ifuate mwendo wa nyota, ni lazima mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Walio Ulaya huipata ncha hiyo kwa kuitazama Nyota ya Kaskazini. Longido, karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haichomozi kamwe, na ncha ya kusini imezama katika vumbi la upeo wa macho. Mhimili ukiwa umelala hivyo, usiku wa kwanza chuma cha kusawazisha kiligonga mguu wa stendi, hadi nilipoigeuza ili mguu mmoja uelekee kaskazini na chuma kipite katikati ya miwili iliyobaki.

Ndipo nikachagua nyota iliyokaribia utosi, nikaiweka katikati ya kioo cha kamera na kuitazama kwa dakika 5. Kila iliposogea kaskazini au kusini, niliizungusha stendi kidogo na kuanza upya. Kisha nilitumia nyota iliyo chini upande wa mashariki, safari hii nikirekebisha mwinamo wa mhimili. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja, wala siijutii, kwa kuwa nyota zilizokuwa zikitoka ndefu kama punje za mchele katika picha ya sekunde 60 sasa zilitoka nukta kamili.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari, kati ya vuli na masika, usiku usio na mwezi, na Jabari hufika karibu na utosi mnamo saa 4 usiku. Katika nebula hiyo, iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi, nyota zinazaliwa hadi leo, na zile changa zenye joto kali huichochea hidrojeni kwa mionzi ya urujuanimno hadi ing'ae kwa wekundu ambao kichujio cha kamera ya kawaida huupunguza sana. Kwa hiyo nilipiga picha 90 za sekunde 60 na kuziunganisha kwa programu, chengachenga zikafifia, wekundu ukajitokeza.

Kitovu pekee kilikuwa kimeungua kwa weupe. Nilipopachika hapo picha 20 za sekunde 5, nyota 4 za Trapezium, kundi dogo lililo katika kitovu hicho, zilionekana kila moja peke yake, na kando yake ghuba ya vumbi jeusi ikiingia ndani ya mwanga.