Alhamisi moja redioni Lamu, siku ya kupanga wiki

Mimi ni mratibu wa vipindi katika redio ya jamii hapa Amu. Watu hunisikia mara chache hewani, kwani kazi yangu iko nyuma ya pazia: kuamua nini kisikike, siku gani, saa ngapi, na kwa lugha ya nani. Alhamisi ndiyo siku ya kukaa na ratiba ya wiki ijayo mpaka itulie, kwa hiyo ndiyo siku niliyoichagua kuwasimulia. Ukiifuata Alhamisi yangu, wiki yote utaiona.

Saa kumi na nusu alfajiri

Naamka kabla ya adhana, najitanda buibui langu na kutoka. Vichochoro vya mtaa wa Langoni saa hizi vina punda waliolala wima na wazee wachache wanaoelekea msikitini kwa mwendo wa pole. Redio yetu iko ghorofani katika nyumba ya mawe ya zamani, yenye kuta nene za matumbawe na chokaa na dari ya boriti za mikoko. Waliojenga nyumba hizi hawakuwaza studio, lakini hakuna ukuta wa kisasa unaozuia sauti kama huu. Fundi ameshafika, transmita inapata moto, na saa kumi na moja kamili tunafungua kwa Kurani, kisha adhana.

Saa kumi na mbili kasorobo

Kama ningelazimishwa kufuta vipindi vyote nibakishe kimoja, ningebakisha hiki cha dakika kumi: hali ya bahari. Mtangazaji wetu wa asubuhi anasoma polepole, kisha anarudia tena kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha hapa Amu:

"Leo mwezi nane. Maji yanajaa saa nne na robo asubuhi, yanapwa saa kumi na nusu jioni. Maji mafu. Upepo ni wa kusi."

Mwezi nane ni siku ya nane tangu mwezi uandame, maji mafu ni yale yasiyojaa wala kupwa sana, na kusi ni upepo wa kutoka kusini. Baada ya hapo hufuata taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa. Msimu huu wa kusi idara hutoa tahadhari za upepo unaozidi noti 25 baharini, na tahadhari ya namna hiyo ikifika mezani kwetu, hairushwi mara moja ikaishia hapo. Inarudiwa kila nusu saa hadi jua lichomoze. Mvuvi haamui safari saa tatu asubuhi. Anaamua akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, chombo kikiwa kimefungwa kamba. Taarifa ikimkuta ameshatweka tanga, haina kazi tena. Ndiyo maana siwaruhusu wadhamini wala salamu za siku ya kuzaliwa kusogea karibu na dakika hizi kumi.

Tunataja pia boti. Anayekwenda kisiwa cha Pate lazima apite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda maji yakipwa sana chombo kinakaa juu ya tope, abiria wakae humo na mizigo na watoto wao mpaka maji yarudi. Leo yanajaa saa nne na kitu, kwa hiyo wasafiri wa Mtangawanda, gati la Pate, wataondoka wakiwa wamekunywa chai yao kwa utulivu.

Saa mbili

Mahamri na mbaazi, habari za kaunti, bei ya samaki kwenye soko la karibu na ngome, tangazo la chanjo ya punda. Asubuhi za kazi zinafanana, sina la kuongeza.

Saa nne

Kipindi cha Mama na Mtoto, kila Alhamisi. Leo muuguzi amekuja kuzungumzia upungufu wa damu kwa wajawazito. Nimemwomba tangu jana asiseme "vyakula vyenye madini ya chuma" akanyamaza. Ataje mchicha, maini, kunde, dagaa, ataje na bei zake. Anafanya hivyo vizuri sana. Simu zinaingia moja baada ya nyingine: Matondoni, Shela, Hindi, Siyu. Mama mmoja anauliza kama ni kweli chai ya rangi baada ya chakula inapunguza faida ya mboga. Muuguzi anamjibu kwamba ni kweli, chai huzuia mwili kufyonza madini hayo, bora asubiri saa moja au mbili kabla ya kuinywa. Nadhani jibu hilo moja limeingia majikoni mengi zaidi ya bango lolote la hospitali.

Kisha inaingia simu ya Kizingitini, sauti ya mama mtu mzima.

"Mwanangu, kipindi kizuri. Lakini wiki ijayo saa hizi sisi tuko mwambani."

"Nimekusikia, mama. Wiki ijayo mwezi utakuwa kumi na tano."

"Ehe. Bamvua. Pweza hatungoji."

Hapa naomba nieleze kwa wasomaji wa bara. Maji ya pwani yetu huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini kila siku. Mwezi unapoandama na unapopevuka tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kupwa kwenyewe huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Ndipo mwamba unapobaki wazi, na akina mama wa Kizingitini na vijiji vya jirani hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Saa nne asubuhi yamejaa na mwamba umefunikwa. Basi Alhamisi hii saa nne mama yuko nyumbani anasonga unga, redio iko juu ya kabati. Alhamisi ijayo, saa ile ile, amesimama kwenye maji ya magoti akichungulia mashimo, na pesa ya shule ya mtoto imo ndani ya mashimo hayo. Saa ya ukutani inasema saa nne zote mbili ni sawa. Si sawa hata kidogo.

Mama na Mtoto ndicho kipindi chao. Tukikiweka wakati hawapo, tutakuwa tunazungumza na kuta.

Saa sita na nusu

Adhuhuri, swala, wali na samaki wa kupaka kutoka kwa jirani. Muziki wa taratibu unajiendesha kwenye kompyuta.

Saa nane

Kikao cha ratiba. Tunakaa kwenye mkeka, sisi sita, katikati karatasi kubwa ya manila yenye siku saba na masaa yake, penseli na kifutio. Kompyuta ipo, lakini karatasi ina faida yake: kila mtu anaiona kwa pamoja na kila mtu anaweza kunyoosha kidole akasema hapa hapafai. Kabla ya chochote tunaandika juu ya kila siku mwezi ni wa ngapi na maji yatapwa saa ngapi. Halafu nyakati za swala, ambazo haziguswi. Kinachobaki ndicho chetu kukigawa.

Jumatatu tunawaachia wavuvi: nyavu, bei, malalamiko yao juu ya maeneo ya uvuvi kule upande wa bandari mpya ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021. Kipindi hiki ni kigumu kukiendesha. Kila upande lazima upewe nafasi, na mtangazaji lazima ajue tofauti ya mtu anayelalamika na mtu anayetukana. Nakipenda kwa sababu hiyo. Jumanne ni ardhi na mashamba, ambapo watu wa Mpeketoni na Witu wana mengi kuliko sisi wa visiwani. Jumatano ni elimu. Ijumaa asubuhi tunatayarisha watu kwa swala, na baada ya swala tunarudia mawaidha ya wiki.

Ubishi wa leo ni wa Jumamosi. Mwenzetu wa michezo anataka saa mbili nzima za soka mchana. Mwenzetu wa watoto anataka saa hizo hizo. Hoja yake ina uzito: siku za shule watoto wako darasani hadi alasiri, kisha chuoni kusoma Kurani, wakirudi ni magharibi. Jumamosi ndiyo peke yake walio nayo.

"Soka lina wenyewe barazani hata usiku," anasema. "Mtoto wa miaka minane utamweka usiku gani?"

Kijana wa soka anacheka, anachukua kifutio mwenyewe na kusogeza mpira baada ya alasiri. Namheshimu kwa hilo.

Jumapili ni ya lugha. Tuna saa moja ya Kitikuu, lahaja ya upande wa Faza, inayoongozwa na mzee wa huko, na nusu saa ya Kiaweer kwa ndugu zetu Waaweer wa Basuba na Mangai, vijiji vya msituni bara. Mawimbi ya FM yanasafiri kwa mstari ulionyooka, na mnara wetu si mrefu, kwa hiyo msituni kule hatusikiki. Tunachofanya ni kunakili kipindi kwenye memori kadi na kumpa mtu anayesafiri, nao wanakisikiliza kwenye simu. Mwenzetu mmoja aliuliza kama nusu saa hiyo inastahili nafasi hewani ikiwa wenyewe hawaipati kwa mawimbi. Mimi nasema inastahili. Mtoto wa Amu akisikia Kiaweer redioni kila Jumapili, anajua kwamba ni lugha ya watu wa kaunti yake, wala si kitu cha kuonewa haya.

Matangazo ya biashara tunayapanga mwisho. Redio ya jamii kisheria inatakiwa kutangaza yanayohusu jamii ya eneo lake, kwa hiyo wateja wetu ni wa hapa hapa: fundi wa injini za boti, duka la vitambaa, mama wa keki za harusi. Hawatoshi kulipia umeme wote, ila hawatuamrishi cha kusema. Pia tunakumbushana kuwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku chochote kinachorushwa lazima kimfae mtoto, na hilo linahusu hata mistari ya nyimbo.

Saa tisa na nusu

Kikao kinakatika. Simu ya msiba. Kuna mauti mtaa wa Mkomani, na ndugu wa marehemu wako Faza na Ndau.

Tuna utaratibu wetu na hatuuvunji hata mpigaji akilia. Jina haliendi hewani mpaka watu wawili wa familia wathibitishe, kila mmoja kwa simu yake. Naandika kwa mkono: jina, baba yake, ubini wake, nyumba ya msiba, saa ya kuzika na msikiti wa kuswalia. Nayasoma tena kwa mjomba wa marehemu neno kwa neno. Ananirekebisha jina la babu. "Allah akujazi kheri, mwanangu," anasema. Ndipo muziki unazimwa katikati na mtangazaji anasema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mazishi ni kesho asubuhi, kwa hiyo wa Faza wana muda. Maji yanapwa saa kumi na nusu, ila ni mafu, hayakauki sana, boti ndogo itapita Mkanda kwa uangalifu. Tunalisema hilo pia. Kwa watu waliofiwa, taarifa ya maji ni sehemu ya rambirambi.

Saa kumi na moja jioni

Bibi mmoja wa Mkomani amekuja kurekodi kwa kipindi cha Jumamosi usiku kuhusu vugo la harusi, ngoma ya kugonga pembe. Amekuja na pembe yake ya nyati na kijiti chake, vimefungwa kwenye leso. Pembe imelainika kwa miaka ya kushikwa, na mahali kijiti kinapogonga pamekuwa na kishimo chenye kung'aa. Nasogeza maikrofoni, anaisogeza mbali kwa mkono wake mwenyewe: "Ukiniweka karibu utasikia pembe, hutasikia harusi." Yuko sahihi. Mlio wa vugo unataka nafasi, unataka uani. Tunatoka, tunarekodi kwenye ua wa ndani, pamoja na kunguru na mtoto wa jirani anayeuliza kuna nini. Naviacha vyote.

Magharibi na baada yake

Adhana inaenda moja kwa moja kutoka msikitini. Umeme unakatika wakati wa swala, betri zinabeba mpaka jenereta liwashwe. Fundi anatumia giza hilo kusafisha viunganishi vya waya wa antena, maana chumvi ya kusi huvila kimya kimya na sauti huanza kukwaruza Shela kabla hatujajua. Usiku huu ni wa kuamkia Ijumaa: darasa la maalim baada ya isha, kisha kasida. Hatuweki mashairi wala mjadala leo, wanaopenda mambo hayo wako misikitini.

Saa nne usiku

Ratiba imeandikwa upya kwa wino, nimeipiga picha na kuituma kwenye kikundi cha wasikilizaji, nakala ya karatasi itabandikwa kesho uwanja wa Mkunguni. Mabadiliko ni haya. Mama na Mtoto, Alhamisi ijayo, itakuwa saa nane mchana, na marudio baada ya isha. Taarifa ya boti za Pate kuanzia Jumatano itasomwa tangu saa nne usiku wa kuamkia safari, kwa sababu maji yatajaa alfajiri na vyombo havitangoja jua. Soka ni Jumamosi baada ya alasiri. Na mlioko Ndau na Kiwayu, mkitupata kwa sauti safi au kwa mikwaruzo, tuandikieni mko wapi hasa na mnatumia redio au simu. Kama ni simu, chomekeni waya wa masikioni kwanza, ndio antena yake.