Fundi wangu ni mwinjilisti

Jumamosi nilipitia kwa fundi wangu wa cherehani, jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi, kuchukua suruali. (Aliniahidi Jumatano, lakini mafundi tunawajua.) Huyuhuyu ndiye anayetuhubiria Jumapili kwenye mtaa wetu wa usharika. Nikamuuliza, "Mwinjilisti, kazi yako hasa ni ipi?"

Akacheka, pini bado mdomoni. "Cherehani inanilisha. Ile nyingine sikuiomba, niliitwa. Ingekuwa ni ya ujira ningeshaiacha zamani."

Nikamkumbuka Paulo kule Korintho, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila, Matendo 18. Hata nabii Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Ila mimi Mlutheri nikabisha kidogo: Luther alitumia neno moja la Kijerumani, Beruf, kwa wito na kwa kazi pia, na mwaka 1520 aliandika kuwa mshona viatu, mhunzi na mkulima nao wamewekwa wakfu kama makuhani, kila mmoja amfae mwenzake kwa kazi yake.

Fundi akaitoa pini. "Basi suruali yako nayo ni huduma. Elfu tano."

Nimelipa. Leo asubuhi, napanda daladala ya Kiboriloni, upindo wa kushoto umefumuka.